Ala

Kibanda changu kiko nyuma ya soko, Nakuru,
mlango wa tatu kutoka kwa muuza vyuma chakavu.
Nashona mikanda, viatu vya shule,
tandiko moja la farasi kwa mwaka,
na kwa wenye vyeti vya serikali, ala za bastola.
Kwanza cheti. Nakisoma hata kama tunajuana.
Kisha watoe risasi, wanionyeshe utupu,
wanionyeshe tena.
Ndipo nachukua penseli.

Wanaume huja na kitu kilekile.
Nyeusi, bapa, risasi kumi na saba,
waliyoiona kwa binamu,
naye binamu aliiona kwa mlinzi wa mheshimiwa.
Fundi, ifiche, wananiambia,
huku wanachomekea shati.
Chema chajiuza, walisema wa kale.
Kibaya nakishonea miguu mimi,
shilingi elfu tatu, kijitembeze.

Nasimiyu alikuja siku ya mvua,
muuza mahindi na maharagwe kwa jumla,
vumbi la magunia bado kwenye nyusi.
Akafungua leso.
Rivolva. Tumbo dogo, vyumba vitano,
nikeli imechunika
pale kidole gumba cha mjomba kilipozoea kulala.
"Sasa cheti kina jina langu," alisema.
"Kimekula miezi kumi na moja na jozi ya viatu."

Kwenye uwanja wa shabaha vijana walimcheka.
Mmoja alimuuliza kama inatumia makaa.
Mimi pia nilicheka. Akaningoja nimalize.

"Hizo zao nimezijaribu.
Kuvuta lile paa la juu kunataka vidole,
vyangu vina baridi yabisi.
Nikikaa zinanichoma ubavu.
Wiki ya pili ningeiacha kabatini,
na bunduki ya kabatini ni ya mwizi."

Nikamwambia ainame kama anayejaza gorogoro.
Akainama.
Hapo nikajua ngozi ikae wapi:
nyuma kidogo ya mfupa, chini ya mkunjo wa sweta,
mahali ambapo hata mnunuzi mwenye macho ya kuku
angeona mama tu, na mahindi yake.

Nikachonga mfano kwa kipande cha mvule.
Nikaloweka ngozi ya ndama, nikaivalisha ule mti,
nikaikandamiza kwa mfupa
hadi lile tumbo likajichora lenyewe.
Msharasi, uzi wa nta, mishono themanini na miwili.
Kifyatulio nikakifunika chote,
kama mtu anavyofunika mdomo wa mtoto
usiku ule tuliolala chini ya vitanda, sisi wa Nakuru,
tukisikiliza majirani wakiitana kwa majina mapya.

Mwaka wa nne alirudi.
"Tundu moja zaidi kwenye mkanda, Fundi."
Baada ya Pasaka, mawili tena.
Sikuuliza. Nilitoboa.
Nikaikagua ala kwenye mwanga wa mlango:
nje inang'aa kwa nyonga na jasho la Ijumaa,
Ijumaa zote za kupeleka fedha benki kwa miguu;
ndani, ukingoni,
hakuna hata mkwaruzo mmoja wa haraka.

Mwezi wa nane alikuja bintiye, peke yake.
Silaha imerudishwa kituoni, alisema,
mama aliweka sahihi mwenyewe, akapumzika, akamalizia sahihi.
Hii alitaka uipate wewe.

Inaning'inia msumarini, juu ya koleo.
Wateja huishusha, hujaribu kuingiza bapa zao,
haziingii.
Ya nini hii, imevimba kama kibuyu?
Si ya kuuza, nasema, leta cheti.

Jioni, kabla ya kufunga,
natia kidole gumba ndani.
Vyumba bado viko, vitano,
ngozi imeshikilia umbo
la kitu ambacho hakikulia.